Jino la Mwalimu Taratibu

"Leo ama hilo jino litoke, ama nitoke mimi," Mama alisema, akamketisha Baba kwenye benchi la mapokezi. "Sijaolewa na shavu."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka. Baba akajitia hamnazo, akawa anasoma tangazo la mswaki lililobandikwa ukutani, tangazo ambalo halina maneno zaidi ya matatu. Alilisoma muda mrefu sana.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha matibabu na barakoa yangu usoni, maana mimi ni muuguzi wa kliniki hiyo. Kazi yangu ni kukaa kando ya kiti na bomba la kunyonya mate, kumpa daktari koleo kabla hajanyoosha mkono kuliomba, na kuwaambia watu wazima na ndevu zao kwamba haitauma. Watu huniamini. Wengine hunishika mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Ila Baba, aliyenizaa, akisikia tu neno "meno" hukumbuka kwamba ana shughuli mahali.

Na msidhani ni mtu wa kutetemekatetemeka. Baba alifundisha watu kuendesha gari mpaka akastaafu. Hebu fikirieni kazi yenyewe. Unakaa kiti cha pembeni, usukani anao mtu ambaye jana hakujua klachi ni ipi, mbele linakuja lori, na wewe unasema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Taratibu. Kushoto kidogo. Hatuna haraka." Ndiyo maana mji mzima unamwita Mwalimu Taratibu. Kuna mwanafunzi aliwahi kuliingiza gari la shule ndani ya banda la kuku la watu. Kuku wanapiga kelele, manyoya yanapepea, mwenye banda anakuja na ufagio, na Baba, unyoya umemkaa kwenye nyusi, akamwambia yule bwana, "Sasa tunarudi nyuma. Angalia kioo kwanza." Mtu huyohuyo ukimwonyesha koleo la jino anatoka nduki.

Jino lenyewe lilikuwa jego la chini, upande wa kulia. Lilipoanza kumsumbua alisema ni upepo. Likazidi, akasema ni baridi. Shavu lilipovimba akawa anakunywa supu kwa pembe moja ya mdomo, kichwa kimeinama kama anayechungulia kitu chini ya meza, na bado anatuambia hajambo. Mara ya kwanza nilipomleta kliniki aliomba kwenda msalani, akapitia mlango wa nyuma, akala kona. Mara iliyofuata alikaa kwenye kiti kabisa, akafungua mdomo kabisa, lakini presha ilimpanda mpaka Daktari akaweka vifaa chini. Alisema hang'oi jino la mtu mwenye presha ya namna ile, damu itakataa kukatika. Baba alifurahi kama aliyefutiwa kesi.

Sasa tulikuwa tumerudi palepale, shavu limekuwa kubwa zaidi, na Mama amekaa mlangoni kama askari ili safari hii pasiwe na safari ya msalani.

Daktari alimkagua polepole. Akamsifu, akamtania, akamwambia apumzike kidogo. Halafu akanivuta pembeni, karibu na kabati la vifaa, na hapo hakuwa anatania tena.

"Sista, umeona pale chini ya taya? Usaha umeanza kushukia shingoni. Hatuna tena siku ya kusubiri. Jino likitoka leo, amepona. Presha ikikataa kushuka, mchana huu nampeleka hospitali kubwa wamlaze, wamchane kwa nje. Na mtu wa umri wake, na presha hiyo, kwa kweli sipendi afike huko."

Mimi si mgeni wa kazi hii, nimeshaona shingo zilizofika huko. Nikarudi kwenye kiti nikitabasamu, kumbe nina barakoa na tabasamu lenyewe halionekani.

"Haya Baba," nikasema, "leo tunakuvalisha miwani."

Daktari wetu ni kijana, na anapenda vitu vya kuwasha na kuzima kuliko anavyopenda chakula. Miwani hiyo ndiyo kipenzi chake kipya. Ni kubwa, nyeusi, inafunika nusu ya uso, na ina spika ndogo za masikioni. Ukiivaa huoni tena kliniki. Unaona mahali pengine kabisa, ukigeuza shingo napo panageuka, na sauti laini ya mwanamke inakuambia uvute pumzi, uishushe. Kidoleni unawekwa kibanio, mkononi mkanda wa presha, na hivyo viwili vinapeleka habari zako kwenye skrini iliyo ukutani. Huko kuna picha ileile unayoiona wewe, na chini yake mstari unaotembea. Ukiwa wa kijani, umetulia. Ukiwa wa manjano, una wasiwasi. Ukiwa mwekundu, umeshikwa na hofu, na Daktari hagusi kitu. Mashine yenyewe ikiona umepanda inapunguza mwendo wa picha, na yule mwanamke naye anapunguza maneno. Msicheke, inafanya kazi. Watoto wanaoingia wakilia hukataa kuivua. Kuna mama mmoja aliwahi kulala akakoroma huku jino linazibwa.

Kwa hiyo nilikuwa na matumaini makubwa.

"Ya nini hii?" Baba akauliza.

"Ya kukutuliza."

"Mimi nimetulia."

Mstari ulikuwa mwekundu kama nyanya. "Mzee," Daktari akasema kwa adabu, "skrini inasema vingine."

"Skrini haijaishi na mama yenu."

"Nimesikia!" Mama akajibu kutoka mapokezi.

Tulianza na ufukwe. Mchanga mweupe, jua la asubuhi, mawimbi yanakuja na kurudi. Wagonjwa wote huupenda ufukwe. Baba aliinua kidevu kuutazama, nikadhani tumepata. Kumbe anayapima maji. "Yanakuja," akasema. "Haya yanakuja kweli. Viatu vyangu!" Akanyanyua miguu yote miwili juu ya kiti. Yule mwanamke wa kwenye spika akamwambia avute pumzi. "Kwani nilikuwa navuta nini?" Baba akamwuliza.

Tukampeleka msituni. Ndege wanaimba, njia nyembamba, majani yanacheza. "Nyuma ya mti ule kuna nani?" Nikamwambia hakuna mtu, Baba, ni picha tu. "Wewe umejuaje? Umekwenda kuangalia?" Mstari ukazidi kupanda.

Daktari akasema basi, tumpandishe kwenye puto, hakuna mtu asiyelainika kwenye puto. Likapaa polepole juu ya mashamba, chini mto unametameta, hata mimi niliyekuwa naangalia kwenye skrini nilitamani kukaa. Baba akaanza kupapasa mbele yake kwa mikono miwili.

"Usukani uko wapi?"

"Puto halina usukani, Mzee."

"Breki?"

"Wala breki."

Daktari ni mtu mkweli, na ukweli wake siku hiyo ulitaka kutuua. Baba aliikamata mikono ya kiti kama anayezama. Mashine ikaanza kulia pii, pii, pii. Mwanamke akamnong'oneza kwamba yuko mahali salama. "Wewe uko chini, ndiyo maana!" Baba akamfokea, akaing'oa miwani kichwani. Jasho lilikuwa linamtiririka, na uvimbe ule chini ya taya unang'aa.

Hapo na mimi nikapandwa na hasira. "Baba! Utakwenda kuchanwa shingo kwa sababu ya kukataa kukaa kwenye puto la uongo?" Nilitaka kumfinya na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Alijaribu kuirudisha miwani kichwani mwenyewe, ikamshinda, nikajuta kupaza sauti. Hakuwa anafanya makusudi. Maskini, alikuwa anataka kutulia na hawezi.

Daktari alishatoa simu mfukoni. "Kimoja cha mwisho," akasema, "halafu napiga hospitali."

Cha mwisho kilikuwa mchezo wa gari wa watoto. Ndani yake kuna mji mdogo mzuri, nyumba za rangi, barabara safi, na mtoto anaendesha gari mwenyewe kwa vishikio viwili vya mkononi. Tukamvalisha tena, nikamwekea vishikio viganjani. Loo, Baba akaendesha! Akasimama kwenye vivuko ambavyo havina mtu. Akawasha indiketa hata pale penye njia moja tu ya kwenda. Mstari ukashuka ukawa wa manjano, sote tukashusha pumzi. Halafu ukagoma.

"Hapa hamna kazi," Baba akasema. "Barabara nyeupe, gari zima, dereva mimi." Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akili yake ikarudi kwenye jino. Niliuona ulimi ukilitafuta shavuni. Mstari ukaanza kupanda tena, na Daktari akaanza kutafuta namba.

Hapo ndipo alipoingia Chiriku. Chiriku ni dada yetu wa mapokezi, na jina hilo tulimpa kwa sababu anaanza kuongea tunapofungua mlango na kunyamaza tunapofunga. Alikuja kuuliza kama awaambie wagonjwa wengine warudi kesho. Baba, mikono imelowa jasho, kishikio kimoja kikamponyoka, na kwenye skrini gari likapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu.

"Ngoja nikurudishie barabarani, Mzee," Chiriku akasema, akavichukua vyote viwili.

Sasa Chiriku hajawahi kuendesha hata toroli. Gari likaruka mbele, likaingia kwenye mgahawa wa nje, likatoka na kiti cha watu juu ya boneti, likaendelea na safari. Chiriku akapiga ukelele.

"Nani anaendesha?" Baba akauliza.

Nilishtuka. Sauti ilikuwa nyingine. Ilikuwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu.

"Ni mimi, Mzee, Chiriku wa mapokezi. Samahani, nimekuharibia..."

"Umewahi kuendesha?"

"Hata baiskeli."

"Vizuri sana," Baba akasema, akajiegemeza kwenye kiti. "Usishtuke. Hicho kiti kwenye boneti kitaanguka chenyewe, tusikifikirie. Punguza mwendo. Taratibu. Sasa kushoto kidogo. Kushoto ni huu mkono mwingine."

Daktari alibaki na simu sikioni. Mstari ulitoka kwenye manjano ukaingia kijani. Akaenda akaigonga skrini kwa kidole, akidhani imeharibika. Gari likavunja ua wa mbao, likapita katikati ya nguo zilizoanikwa, likawa linatembea na shuka usoni. Mstari ukazidi kutulia.

"Gonga tena," Daktari akanong'ona.

"Kwani nagonga makusudi?" Chiriku akaja juu.

"Msimtie presha mwanafunzi," Baba akasema. "Anajitahidi. Dada, kwanza tuondoe hiyo shuka."

Jamani, tulicheka. Daktari alicheka mpaka akaegemea sinki. Lakini alikata ile simu. Kumbe ndicho kilichokuwa kinakosekana. Baba hakuhitaji bahari wala ndege wa msituni. Maisha yake yote alikuwa anajituliza kwa kuwatuliza wengine. Mpe mtu aliyekaribia kulia kwenye usukani, naye hana tena nafasi ya kuogopa.

"Chiriku, usitoke hapo," Daktari akasema, akaanza kuvaa glavu. "Sista, ganzi."

Sindano ilipita Baba akiwa anamweleza Chiriku namna ya kuingia kwenye mzunguko. Alikunja uso kidogo tu, akaendelea. Ila ganzi ilipokamata, maneno yakaanza kumtoka yamelala, na baadaye kinywa kikawa cha Daktari, si chake. Nikaogopa kwamba sasa tumeharibu. Wapi! Akahamia kwenye mikono. Kidole kulia, kidole kushoto, kiganja kinashuka kumaanisha punguza. Na mguu! Lazima niwaambie kwamba gari la kufundishia huwa na breki ya pili upande wa mwalimu, na Baba alikanyaga breki hiyo miaka nenda rudi. Kila Chiriku alipokaribia ukuta, mguu wa kulia wa Baba uligonga mwisho wa kiti, gubu! Daktari akajifunza kusubiri. Gubu kwanza, mguu ushuke, halafu ndiyo alitikise jino.

Mama hakuvumilia, akachungulia mlangoni. "Mwendo gani huo?" akamwambia Chiriku. "Utamuua!" Baba, mdomo wazi, koleo ndani, akanyoosha kiganja kuelekea sauti ilikotoka: kimya, mwanafunzi yuko barabarani. Mama akaziba mdomo kwa mtandio, akacheka mpaka machozi.

Jego lilikuwa gumu, limejishika. Nilikuwa nanyonya damu na usaha, jicho moja kwenye kinywa, jingine kwenye mstari. Daktari akalilegeza upande huu, akalilegeza upande ule. Likalia kidogo, ule mlio ambao watu wanauogopa. Kisha likatoka na mizizi yake yote. Daktari akalinyanyua juu kwenye taa, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Baba hakujua. Alikuwa anamwingiza Chiriku kwenye maegesho kwa nyuma, na shughuli ilikuwa nzito.

"Limetoka, Mzee!" Daktari akampigia kelele sikioni. "Uma pamba. Na tusivue miwani bado. Damu ikatike kwanza. Ukitulia hivihivi, kazi imekwisha."

Baba akauma pamba, akainua dole gumba. Sijui kama alilinyanyua kwa jino au kwa maegesho.

Simu ya mapokezi ilikuwa inaita muda wote huo, na wagonjwa wameanza kugonga kaunta. Chiriku akanitia vishikio mkononi. "Shika wewe, watanirarua," akasema, akakimbia.

Nikabaki navyo. Na hapa niseme ukweli, kitu kilinipanda kifuani. Mimi sijui kuendesha gari. Mtoto wa Mwalimu Taratibu! Alimfundisha mwuza nyama, akamfundisha mke wa mwuza nyama, akamfundisha jirani yetu ambaye mpaka leo hajui kulia na kushoto. Nilipofikia umri nilimwomba anifundishe, akasema nenda kwa mwenzangu, yeye ana nafasi. Nikaenda siku moja, nikarudi, sikuenda tena. Yule mwenzake hakuwa na ubaya wowote. Niliona tu kwamba baba yangu ananiona mzito, kichwa maji, mtu wa kumpotezea wakati. Sikumwambia. Nilimeza nikanyamaza, na donge likakaa huko lilipo.

Basi nikavishika vile vishikio kwa hasira. Nikasema moyoni, leo ataona.

Na niliendesha, nani atabisha? Nilikaa upande wangu wa barabara. Nilisimama mpaka mama mwenye kigari cha mtoto akavuka. Baba, miwani usoni, hakujua kwamba dereva amebadilika. Alikuwa anaonyesha vidole vyake kwa raha, kulia, kushoto, nami nakwenda anakoonyesha. Mstari wa kijani, umelala. Nikaanza hata kufurahi. Halafu mbwa akakatiza barabara, nikapiga kelele, "Uwii!"

Mkono wa Baba uliganda hewani.

Alinijua. Sauti ya mtoto wake haikumpotea hata kidogo. Mstari ukaruka kutoka kijani, ukapita manjano bila kusimama, ukawa mwekundu. Mashine ikaanza kulia. Pamba kinywani ikaanza kubadilika rangi.

"Nini tena?" Daktari akageuka. "Nani anaendesha?" Akaniona. "Sista, achia vishikio!"

Nikaachia. Gari likasimama katikati ya barabara tupu. Mstari ukatetemeka, ukaanza kushuka taratibu.

Daktari akakuna kichwa. "Hebu shika tena kidogo."

Nikashika. Gari halijafika hata mwisho wa nyumba ya kwanza, mstari umeruka juu. Nikaachia, ukashuka. Alitaka nishike tena, ndivyo alivyo, lakini nilimwambia hapana, nimeelewa.

Nilikuwa nimeelewa na macho yalikuwa yananiwaka. Chiriku alivunja mgahawa, akavunja ua, akatembea na shuka usoni, na moyo wa Baba umelala usingizi. Mimi nimeendesha kwenye barabara nyeupe, ndani ya mji usiokuwepo, na moyo wake unataka kutoka nje. Hakuwahi kuniona mzito. Alikuwa ananiogopea. Alijua kwamba nikikaa mimi kwenye usukani ile sauti yake haitatoka, na hakutaka niione hofu hiyo, akanipeleka kwa mtu mwingine akanyamaza. Na mimi mjinga nikachukua ukimya huo nikaufanya dharau. Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona furaha, furaha kubwa ya kijinga, nimesimama pale na glavu zenye damu.

"Muite Chiriku," nikamwambia Daktari. Nikaviweka vishikio kwenye mapaja ya Baba.

Mkono wa Baba ukaanza kupapasa hewani. Ukanipata kwenye kiwiko, ukashuka mpaka kiganjani, ukakivuta, ukavibonyeza vidole vyangu juu ya vishikio. Halafu akanyoosha kidole mbele. Nenda.

"Mzee, damu," Daktari akasema. "Presha yako iko juu. Haiwezekani."

Baba akainua kiganja kumzuia. Na yeye aliyemgombeza yule mwanamke wa kwenye spika tangu asubuhi, sasa akamtii. Alivuta pumzi kwa pua, ndefu, kifua kikajaa. Akaishusha. Akavuta tena. Mkono wake mwingine ulikuwa umeushika upindo wa koti langu la kazi, ameukunja ndani ya ngumi.

Nikaendesha. Akanionyesha kulia, nikaenda kulia. Akashusha kiganja, nikapunguza. Mguu wake ulikuwa unakanyaga mwisho wa kiti muda wote, hata pale ambapo hakuna kitu mbele, lakini haukugonga. Ulikanyaga polepole tu, ukaachia, ukakanyaga. Mstari ukashuka kutoka nyekundu, ukakwama, akavuta pumzi, ukashuka tena kidogo. Mama aliingia akasimama nyuma yangu. Ulifika manjano. Kijani haukufika, sitawadanganya. Tulizunguka ule mji wote wa nyumba za rangi, na ulibaki kwenye manjano, unatetemeka. Daktari akafunua pamba, akatazama, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Imekatika," akasema.

Mama akapiga vigelegele, mapokezi nako Chiriku akamwitikia bila kujua ni vya nini. Daktari akamvua Baba miwani, akamwekea pamba mpya, akamwambia asiongee kabisa. Macho ya Baba yalikuwa mekundu na alama ya miwani imemzunguka usoni. Hakuuliza jino liko wapi. Aliniangalia mimi, akaitoa pamba kinywani.

"Nimesema usiongee!" Daktari akasema.

"Kesho asubuhi," Baba akaniambia, midomo imelala upande. "Uvae viatu visivyo na kisigino."

Ndivyo alivyowaambia wanafunzi wote siku ya kwanza. Nilikuwa nikimsikia akiwaambia watu wengine.

"Na moyo wako je, Baba?" nikamwuliza. "Si umeusikia?"

"Utapiga kelele," akasema. "Wewe usiusikilize. Nisikilize mimi."

Akarudisha pamba mdomoni, akafumba.